Stara: neno la kulijua kabla hujaandika maisha ya nyumbani

Ramadhani moja iliyoangukia masika nilifuturu kwa shangazi yangu, Tanga. Sinia lilipotua mkekani nikatoa simu. Tambi, mihogo ya nazi, kaimati zinang'aa shira, bakuli la uji wa pilipili manga bado linafuka moshi. Nikapiga picha, nikaandika aya tatu za kuusifu mkono wake, na kabla ya tarawehe wasomaji wangu walikuwa wameshazisoma. Nia yangu ilikuwa nyeupe.

Asubuhi binamu yangu akapiga simu. Hata salamu hakutoa. "Beseni umeliona?"

Nikaitazama picha upya. Nyuma ya sinia, kona ya kushoto, lilikuwepo beseni la bluu limewekwa kukinga maji ya paa linalovuja. Mimi niliona futari, wenzangu waliona beseni. Na kwa vile nilikuwa nimeandika kwa majivuno kwamba hapo ni kwa shangazi yangu, mtaa mzima ulijua paa ni la nani.

Shangazi hakunigombeza. Siku ya tatu, akiwa anapepeta mchele uani, ndipo alipotoa neno, tena bila kuinua uso: "Mwanangu, si ungenisitiri."

Neno lenyewe, stara (kusitiri ni kumpa mtu stara), ni la Kiarabu kwa asili, kutoka mzizi wenye maana ya kufunika, na ndugu yake wa karibu ni sitara, yaani pazia. Kwetu limezaa sana. Nguo ya stara ni ile isiyomwacha mtu wazi. Aliyeolewa huambiwa amepata stara. Mwenye kipato kidogo lakini hakopi wala haombi, tunasema anaishi kwa stara. Kibanda cha makuti nyuma ya nyumba ni cha kujisitiri. Na maiti ikishazikwa, waliotoka makaburini husema tumemsitiri mwenzetu. Mambo hayo yote ni mbalimbali, ila kila mahali utakuta vitu viwili: kitu cha kweli ambacho kipo, na nguo juu yake.

Hapo ndipo stara inapoachana na uongo. Uongo hukiondoa kitu ukaweka kingine mahali pake. Stara hukiacha palepale kilipo, ikashusha pazia. Shangazi hakunitaka niseme paa lake halivuji. Alitaka nisogee hatua mbili kulia.

Wengine huichanganya na siri. Siri ina watu wake, waliokubaliana kwamba jambo hili lisitoke. Siri ya mtungi aijuaye kata. Stara haihitaji makubaliano. Unaweza kumsitiri mtu usiyemjua, ambaye hata hakukuomba, kama unavyomfunga kanga msichana aliyechafuka ndani ya daladala. Faragha nayo ni jirani, ila ni neno la kisheria zaidi. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 humpa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Katiba ya Kenya ya 2010 ina jambo kama hilo kwenye Ibara ya 31. Faragha ni haki ninayokudai wewe. Stara ni kitu unachonifanyia kabla sijadai, na mara nyingi bila mimi kujua kwamba umefanya.

Nikitaka kumweleza mtu stara kwa mfano mmoja, humpeleka kwa mwosha maiti. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Katika mazishi ya Kiislamu huku pwani, maiti huoshwa ndani ya pazia, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, na hata hao waoshaji humwacha amefunikwa kitovuni hadi magotini, mkono ukipita chini ya nguo. Nimewahi kukaa nje ya pazia hilo, kazi yangu ikiwa kupokea ndoo tu. Bibi aliyekuwa akiosha alitoka, akanawa, akaomba chai. Aliyokuwa ameyaona kwenye mwili ule, makovu, maradhi, sijui nini, hakuna aliyemuuliza na wala hakujisemea. Mwosha anajua kuliko daktari, kwa sababu ameshika. Na ndiyo maana ya yeye kuaminiwa kazi ile.

Anayeandika maisha ya kila siku, mapishi, malezi, ndoa, namna anavyopanga sebule yake, yuko karibu sana na kazi ya mwosha, ajue asijue. Watu wanamruhusu ndani. Wanakula mbele yake, wanagombana mbele yake, wanavua viatu. Mambo mengi anayoyaona hayaoni kwa sababu ni mwandishi. Anayaona kwa sababu ni mtoto wa kaka, ni mke, ni shoga. Akishika kalamu, pazia liko mkononi mwake peke yake.

Basi swali ninalojiuliza siku hizi kabla sijatoa kitu ni moja: nguo hii ya nani? Paa linalovuja likiwa langu, nikitaka kuliandika nitaliandika, na pengine nitachekesha. Likiwa la shangazi, mwenye kulifunua ni shangazi. Yaliyonitenganisha na mume wangu naweza kuyasimulia upande wangu. Aliyoniambia yeye usiku analia kuhusu mama yake, hayo yana mwenyewe. Watu huona ni rahisi, mpaka uanze kuandika. Maisha hayana mpaka wa seng'enge. Huwezi kusimulia harusi yako bila wifi, wala ujauzito wako bila mtoto aliyemo tumboni.

Dawa iliyozoeleka ni kuomba ruhusa, na ni dawa nzuri. Ila kwetu ina sumu yake. Ukimwomba shangazi ruhusa mbele ya wageni, sinia limeshawekwa, simu umeshaielekeza, atajibu nini? Atasema "piga tu mwanangu". Hiyo siyo ruhusa, ni haya. Wazazi wetu wengi, na wageni zaidi, hawajui kumnyima mtu aliyeomba kwa heshima. Hodi hupigwa ukiwa nje ya mlango, tena mara tatu, na asipoitikia mtu unageuza. Hodi ya mtu aliyekwisha kaa kitandani si hodi. Kwa hiyo mimi huomba siku nyingine, tukiwa wawili, na huonyesha kile hasa nitakachotoa: picha yenyewe, maneno yenyewe. Na nikisikia "tutaona" au "wewe unaonaje", najua nimeshakataliwa kwa Kiswahili.

Halafu kuna ujanja wa kuficha jina. "Kuna ndugu yangu mmoja, simtaji." Humtaji, lakini umesema ni mdogo wa kike, anaishi Arusha, ameachika mwaka juzi, na anauza vitenge. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na werevu wako kwenye ukoo wako mwenyewe, ndio wasomaji wako wa kwanza. Kanga hufanya kazi hii kwa ustadi zaidi: jina la kanga humsema mtu asiyetajwa popote, na anayesemwa hujijua. Lakini kanga huvaliwa kusudi limfikie mlengwa. Ukiandika fumbo kama hilo halafu useme umemsitiri mtu, umemvalisha kanga ya kumsuta yeye mwenyewe. Nikitaka kumsitiri mtu kweli, jina ni kitu cha mwisho kubadilisha. Huanza na kazi yake, mji, idadi ya watoto, mwaka. Na ikiwa baada ya kubadilisha yote hayo kisa hakina uhai tena, basi kisa hakikuwa changu.

Watoto wanahitaji aya yao. Mtoto hawezi kujisitiri, na hajui atakuwa nani. Picha ya kichanga anaogeshwa kwenye karai ni tamu kwa mama leo. Miaka kumi na minne baadaye iko kwenye simu za wanafunzi wenzake wa kidato cha pili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019; zote zinazipa taarifa za watoto ulinzi wa pekee. Lakini sijawahi kuona mama aliyeacha kuandika kwa kuogopa kifungu. Mimi aliyenizuia ni binti yangu. Nilikuwa nimesimulia, miaka ya nyuma, jinsi tulivyomwachisha kukojoa kitandani, na wazazi wengi walinishukuru kwa mbinu zile. Alipofika miaka tisa, na kusoma anajua, akanijia jikoni: "Mama, lile la kitandani, mimi sitaki liwepo." Nikaliondoa palepale, vitunguu vinaungua. Mbinu zote zingeweza kuandikwa bila yeye. Nilimweka kwa sababu alinogesha.

Sasa, isije ikaonekana stara ni kufunga mdomo. Waliotuachia habari ya mwosha ndio hao hao waliosema mficha uchi hazai. Na tena: mficha maradhi kifo humuumbua. Mjamzito anayeona haya mbele ya mkunga atakufa na stara yake. Nilipoandika kuhusu mimba iliyoharibika, mimba yangu, mwili wangu, nililifunua lililo langu, na barua nilizopata zilinionyesha kuna wanawake walikuwa wamekaa na jambo hilo miaka, wakidhani ni wao tu. Mtu akifunua nguo yake kwa hiari, akijua kwa nini, hajaikosea stara.

Kinachonikera ni neno hili linapogeuzwa kufuli. Bi harusi hufundishwa na kungwi wake kwamba mambo ya ndani hayaanikwi nje, na kwa ugomvi wa mboga isiyo na chumvi ni mafunzo mazuri. Lakini mwanamke akipigwa akaambiwa "jisitiri", hapo anayesitiriwa ni mpigaji. Yeye aliyepigwa ameachwa wazi kabisa. Swali la nguo ya nani hujibu hili vilevile: maumivu ni yake, kuyasema ni juu yake. Ningemshauri aanze kwa anayeweza kumfungulia mlango usiku, halafu wasomaji baadaye, kama atataka. Ila nisingethubutu kumwambia kwamba stara inamkataza.

Kuna pazia jingine ambalo watu wa fani hii hulishusha wakaliita stara. Mtu ameletewa sabuni za bure, au amelipwa, anaandika kana kwamba alizigundua sokoni mwenyewe. Ukimuuliza anasema mambo ya malipo ni faragha yake. Kiasi alicholipwa, sawa, sikitaki. Lakini kwamba amelipwa, hilo ni la msomaji, kwa sababu msomaji ndiye atakayetoa pesa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kikitembezwa na wewe, sema umekodiwa. Sentensi moja mwanzoni inatosha. Wala haimvunjii mtu biashara: mama muuza samaki anayekwambia "hawa ni wa jana" ndiye unayerudi kwake kesho.

Msiba sitauongelea sana. Habari ya kifo ina wenyewe, na wao ndio wanaoamua nani aambiwe kwanza na kwa mdomo wa nani. Picha ya mgonjwa akiwa na mipira puani, hata ukiandika "tumwombee" chini yake, haina haja ya kujadiliwa: haitolewi.

Kwa shangazi nilirudi kuomba radhi, na tukachanga kama ukoo, mabati mapya yakapandishwa kabla ya masika yaliyofuata. Naona haya kidogo kulisema, maana inafanana na kusema beseni lilisaidia. Hapa naliandika kwa sababu yeye mwenyewe ameniambia niliandike, na nimemsomea yote haya kwa simu, akanirekebisha pahali pamoja: kumbe ilikuwa mihogo na samaki, siyo mihogo mitupu.

Ramadhani iliyopita nilikwenda tena, na simu niliiacha ndani ya mkoba. Sinia likaja. Akalitazama, akanitazama mimi, akauliza mbona leo sipigi. Kabla sijajibu alikuwa ameshainuka. Akavuta pazia la mlango wa uani, akasukuma ndoo ya dekio kwa mguu mpaka nyuma ya kochi, akaipangusa kaimati moja iliyodondosha shira ukingoni mwa sahani, akaketi.

"Haya. Piga."