Muhuri juu ya muhuri: tunayodanganyana kuhusu hati za kwenda nje

"Ukishapata apostili umemaliza, hakuna nchi itakayokukataa."

Huu ndio uongo unaokula pesa za watu wengi, na vishoka wanaupenda kwa sababu unauzika. Apostili ni cheti kidogo cha mraba kinachowekwa kwenye hati kuthibitisha sahihi na muhuri wake ili ikubaliwe nchi nyingine, kila upande usiopungua sentimita 9, chenye vipengele 10 na kichwa cha Kifaransa. Kilianzishwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, na kinafaa pale tu ambapo nchi inayotoa hati na nchi inayoipokea zote ni wanachama. Oman imo tangu 2012, Burundi tangu 2015, Saudi Arabia tangu 2022, Rwanda tangu Juni 2024. Tanzania na Kenya, hadi mwanzoni mwa 2025, zilikuwa bado nje. Basi Mtanzania anayekwenda Muscat wakati huo hakuwa na apostili ya kutafuta, hata kama Oman ni mwanachama wa siku nyingi. Aliyeuziwa moja mtaani aliuziwa karatasi.

Na uanachama wenyewe una matundu. Nchi iliyomo inaruhusiwa kumwekea pingamizi mwanachama mpya, na hapo mkataba haufanyi kazi baina ya hao wawili. Ujerumani iliiwekea Burundi pingamizi la namna hiyo.

Asiye na apostili hupita njia ndefu. Cheti cha kuzaliwa cha Tanzania Bara kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, cha kidato cha nne NECTA, baraza la mitihani, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Ukienda Dubai, hata baada ya ubalozi wao kugonga muhuri, Wizara ya Mambo ya Nje ya kule nayo inataka kuweka wa kwake.

"Wizara ikigonga muhuri, maana yake cheti ni halali."

Hapana. Ofisa wa wizara hajui kama ulifaulu hesabu, wala hakuwapo ulipozaliwa. Anachofanya ni kulinganisha sahihi na muhuri ulio kwenye hati yako na sampuli alizonazo: huyu aliyesaini namjua, na cheo chake ndicho hiki. Ubalozi nao unatazama sahihi ya ofisa huyo, basi. Kila muhuri unaudhamini uliotangulia, na hakuna hata mmoja unaokudhamini wewe. Apostili nayo ni hivyo hivyo, haigusi yaliyoandikwa ndani ya hati. Ndiyo maana mwajiri anaweza kupokea cheti chenye mihuri minne na bado akaandika barua chuoni kwako kuuliza.

Muhuri wa wakili ni hadithi fupi zaidi: unasema nakala hii inafanana na karatasi halisi niliyoonyeshwa. Ubalozi hauna sampuli ya sahihi ya wakili wako wa mtaani.

"Nimekilamineti kisichakae."

Mpwa wangu alinijia na cheti chake cha kuzaliwa kinang'aa kama sahani. "Si nimekitunza, mjomba?" Nikachovya muhuri wangu wa dukani kwenye wino, nikaubonyeza pembeni juu ya ile plastiki, nikapitisha kidole. Wino wote ukaja kidoleni. Tukajaribu kuibandua kwa wembe na jina la baba likaanza kuondoka nayo. Ikabidi aombe cheti kingine. Nunua faili la plastiki lenye mifuko. Utatoa hati na kuirudisha utakavyo.

"Ubalozi wowote utagonga, mradi ulipie."

Muulize Mkenya aliyepeleka cheti cha ndoa Ujerumani. Ubalozi wa Ujerumani jijini Nairobi uliacha kuhalalisha hati za Kenya. Badala yake, ofisi iliyoko Ujerumani inayoihitaji hati ndiyo huomba ichunguzwe, na mtu anayeaminiwa na ubalozi hutumwa kwenye rejista kuona kama jina lako limo kweli. Gharama ni ya mwombaji, na muda hupimwa kwa miezi. Mwenye haraka ya harusi ayajue haya kabla ya kukodi ukumbi.

"Muhuri huisha muda."

Mkataba wa The Hague hauipi apostili tarehe ya kuisha. Kinachochacha ni hati iliyo chini yake: hati ya tabia njema ya polisi au cheti cha kutokuwa na ndoa, wapokeaji wengi hukitaka kikiwa bado kibichi, mara nyingi kisichozidi miezi sita. Kwa hiyo hizo ziombwe mwisho. Tafsiri pia isubiri hadi mihuri ikamilike, kwa sababu wengine hutaka na maneno ya mihuri yatafsiriwe.

Na jina. Cheti kikisema Mwanahamisi na pasipoti ikasema Mwana Hamisi, mihuri yote itagongwa bila mtu kuuliza, halafu utaulizwa dirishani ugenini. Hilo lisawazishwe kwa kiapo au hati ya kubadili jina kabla ya muhuri wa kwanza, kwani baada ya hapo unaanza upya.