Sheria "haiwatambui" kama nini?

Mjadala wa haki za watu waliobadili jinsia ukianza hapa Kigoma, haichukui muda utasikia: "Hao sheria haiwatambui." Nafundisha wasaidizi wa kisheria, na sentensi hiyo nimewakataza kuiandika kwenye taarifa zao. Haina maana mpaka useme sheria haiwatambui kama nini.

Kama watu? Hilo ni kosa la wazi. Ibara ya 12(2) ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Haikuweka "isipokuwa". Mwanasheria akisema mtu, anamaanisha yeyote anayeweza kubeba haki na wajibu: kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Ushirika wa wavuvi wa dagaa ukishasajiliwa ni mtu kwa maana hiyo. Unampeleka mdaiwa mahakamani kwa jina lake, na hakuna anayeuliza jinsi yake. Binadamu aliyeibiwa simu sokoni Mwanga hawezi kuwa chini ya ushirika. Polisi wanapaswa kuchukua maelezo yake, awe amevaa gauni au suruali.

Kinachobishaniwa hasa ni kumbukumbu, yaani kile kipengele cha jinsi kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Afrika Kusini ilitunga sheria ya kukibadili mwaka 2003, Uingereza mwaka 2004. Sisi hatujaweka utaratibu huo. Basi tuseme hivyo hivyo.

Angalieni kesi ya Audrey Mbugua wa Kenya, mwanamke aliyebadili jinsia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya cha kidato cha nne chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsi. Jaji alisoma kanuni za vyeti, akaona hazilazimishi alama hiyo kuwepo. Kesi ikaishia kwenye cheti tu. Hata hivyo hadi leo nasikia watu wakisema Kenya "ilihalalisha kubadili jinsia". Uingereza nako, Aprili 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba neno mwanamke katika Sheria ya Usawa ya 2010 linahusu jinsi ya kibaiolojia. Hukumu hiyo hiyo ikaeleza kuwa waliobadili jinsia bado wanalindwa na sheria hiyo dhidi ya ubaguzi. Ukinukuu nusu moja tu, umepotosha.

Kwenye mafunzo Ujiji mama mmoja aliniuliza, "Wakili, na mtoto aliyezaliwa haieleweki ni wa kike au wa kiume, naye yumo humu?" Nikamwambia, hapana mama, huyo ni huntha, hajabadili chochote. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu wa namna hiyo 1,524. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mtoto haki ya jina, na mzazi ana wajibu wa kumsajili. Mama akaandika polepole, akapigia mstari neno "kumsajili". Naamini alikuwa na mtoto fulani akilini, sikumchimba.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 154 kinaadhibu kitendo, yaani kuingiliana kinyume cha maumbile, tena kwa adhabu nzito sana, na kitendo lazima kithibitishwe. Nguo, sauti au jina si kitendo. Msaidizi anayeandika kwamba mtu "amekamatwa kwa kuwa amebadili jinsia" anataja kosa ambalo halimo kwenye kifungu hicho, na anamharibia mteja utetezi kabla hajafika mahakamani.

Wanaharakati nao nawaambia: msiseme kunyimwa cheti ni kunyimwa utu. Mkisema hivyo mmekubali kwamba utu hutolewa na ofisi ya usajili. Christine Goodwin, mwanamke aliyebadili jinsia, aliposhinda mwaka 2002 dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, mahakama iliegemea haki ya faragha na haki ya kuoa au kuolewa. Hoja hizo zinatosha, na ndizo ninazotaka kuziona kwenye madai yao.