Macho kwanza, bando baadaye: kuwafundisha wanafunzi kusoma picha

Mwonyeshe mwanafunzi wa kidato cha pili picha ya Jiwe la Bismarck, umuulize anaona nini. Atajibu papo hapo: "Mwanza, mwalimu." Hajakosea, ila picha hajaisoma. Ameitambua tu, na anayeishia kutambua ndiye atakayesambaza picha ya uongo kesho bila kusita.

Kwa hiyo darasani kwangu intaneti huja mwisho. Kwanza tunataja vilivyomo, bila kueleza maana: mawe, mawimbi, kivuli kimelalia wapi, mpiga picha alisimama upande gani. Anayesema "pazuri" namuuliza, umeona nini hata ukasema pazuri?

Chukua picha ya jiwe hilohilo, jua jekundu limekaa juu ya maji nyuma yake, na chini pameandikwa "Asubuhi njema kutoka Mwanza". Mtoto wa Kirumba hahitaji bando kuikamata hiyo. Mji wetu uko ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, katika Ziwa Victoria; jua huchomoza nyuma ya vilima na kuzama ziwani. Picha ni ya jioni. Aliyeandika asubuhi huenda hajawahi hata kufika.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la magugu maji. Picha za setilaiti za Landsat zinapatikana bure tangu 2008, nami huchagua ya Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, iliyotengenezwa kwa rangi bandia. Maji ni meusi meusi, na juu yake kuna mabaka mekundu yanayong'aa. Mmoja atasema damu, mwingine moto. Nawaacha wabishane. Kisha nawaambia watazame nchi kavu: mashamba nayo mekundu, mji kijivu. Taratibu wanafika wenyewe kwamba chekundu ni mmea. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na watengenezaji wameupa rangi nyekundu ili tuuone. Hakuna aliyedanganya hapo, lakini asiyeuliza rangi zina maana gani atajidanganya mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo tunaingia mtandaoni, kwa simu yangu au kompyuta ya shule. Google Lens na TinEye hutafuta kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno. TinEye inaweza kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, na hilo pekee hutosha kuumbua picha ya miaka mitano iliyopita inayodaiwa kuwa ya jana. Picha iliyopitia WhatsApp usiitafutie tarehe ndani yake, kwa sababu taarifa hizo hufutwa inapotumwa.

Picha za ajali za majini sizitumii kama zinaonyesha miili. MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018 zimeacha yatima, na baadhi yao wanaweza kuwa wamekaa mbele yangu.

Zoezi zuri zaidi kwa sasa ni Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Ukilitafuta mtandaoni, michoro ya kompyuta ya kabla ya ujenzi inakuja imechanganyika na picha halisi. Wagawe wanafunzi makundi, watenganishe mchoro na picha, na kila kundi lionyeshe kwa kidole ni kitu gani kimewajulisha.