Mstari Upite Wapi? Sensa na Mipaka ya Maeneo Bunge Kenya

Kazi yangu ya kuchora mipaka huanza na hesabu ya kugawanya. Sensa ya Agosti 2019 ilipata watu 47,564,296 Kenya nzima. Wagawe kwa maeneo bunge 290 yaliyowekwa na Katiba, unapata kama watu 164,015 kwa kila eneo. Huo ndio mgawo. Ibara ya 89 inaruhusu eneo lizidi au lipungue kwa asilimia 30. Kwenye majiji na sehemu zenye watu wachache, asilimia 40. Kwa hiyo hata nyikani, eneo bunge halifai kushuka chini ya watu 98,409.

Sasa tazama Lamu Mashariki: watu 22,258. Kaunti ndogo ya Ruiru, jirani na Nairobi, ina 371,111. Mtu mmoja wa Kizingitini, huko Lamu Mashariki, ana uzito bungeni sawa na watu zaidi ya 16 wa Ruiru. Mimi naona hiyo ni dhuluma kwa mama aliyepanga chumba Ruiru, anayemtafuta mbunge huyo huyo anayetafutwa na umati.

Lamu Mashariki ilinusurika mwaka 2012 kwa kuwa Katiba ilikataza eneo bunge lolote lililokuwepo lipotee katika mapitio ya kwanza ya mipaka. Ya pili hayana kinga hiyo, na kaunti nzima ya Lamu, watu 143,920, haifikishi hata mgawo mmoja. Ila mtu wa Faza au Kiunga humfuata mbunge wake kwa chombo, na kusi ikivuma safari hungoja bahari itulie. Katiba nayo inataka jiografia, njia za mawasiliano, historia na utamaduni viangaliwe. Ningeipa bahari uzito, lakini si mara 16.

Matofali yetu ni vipande vya kuhesabia watu, kila kimoja wastani wa kaya 100 hivi. Juzi, katika zoezi la majaribio, nilihamisha kipande kimoja ili idadi zikaribiane. Nilipokuza picha ya setilaiti nikaona mstari umeutenga msikiti na kisima chake. Nikakirudisha, nikatafuta kingine upande wa barabara kuu.

Mapitio ya pili yalipaswa kukamilika Machi 2024. Wakati huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), inayofanya mapitio hayo, haikuwa na kamishna hata mmoja; wapya waliapishwa Julai 2025. Ruiru bado ina mbunge mmoja.