Asilimia 93 iliyovuka mipaka yake

Hudhuria semina ya mawasiliano kazini, na hukosi kuambiwa kwamba asilimia 93 ya ujumbe ni sauti na ishara za mwili. Maneno ni asilimia 7 tu. Kwa mhudumu wa hoteli Malindi, mwenye wageni na mabosi Waitaliano, hiyo ni faraja: lugha isikutishe, soma mikono. (Nambari ikishavaa asilimia huheshimiwa mno.)

Asili yake ni majaribio mawili ya mwaka 1967 ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake, huko Marekani. Washiriki walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti tofauti; katika jaribio moja neno lilikuwa “labda”, likiambatana na picha za nyuso. Wakakisia kama msemaji anapenda au anachukia. Basi. Hakuna aliyepewa maagizo ya kazi. Mehrabian mwenyewe ameeleza kuwa hesabu hiyo inahusu hisia na mapendeleo tu.

Isitoshe, ishara nazo zina lugha. Mwitaliano akikusanya ncha za vidole na kutikisa mkono, anauliza “unataka nini?”. Asiyejua atadhani anaonja chumvi.

Saa ndiyo balaa. Mwambie mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba boti inaondoka “saa mbili”, naye aitafsiri kwa saa ya kwao: atafika ufukweni saa nane mchana, boti imeshaondoka asubuhi. Tabasamu halimwokoi. Mwombe arudie alivyoelewa, au mwandikie 8:00 kwenye karatasi.