Uchumi usipokua, ndiyo umaskini?

Kwenye mabaraza ya Lamu, wengi huamini pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini, likiacha kukua basi tumekwisha. Hofu hiyo ina msingi: uchumi ukidorora bila mpango, ajira hupotea. Lakini modeli, yaani mifano ya kihesabu, za uchumi usiotegemea ukuaji huuliza jingine: nchi tajiri zikipunguza kwa makusudi nishati na malighafi, kazi na huduma zitalindwaje? Modeli nyingi hujaribu kupunguza saa za kazi, ili kazi zilizopo zigawanywe kwa watu wengi zaidi.

Tena pato la taifa lina upofu wake. Mikoko ikikatwa, mauzo ya boriti huhesabiwa. Mazalia ya samaki yaliyopotea hayapunguzwi kwenye hesabu hiyo.

Ukisikia “uchumi umekua asilimia 5”, tazama kwenye taarifa ya takwimu kama mfumko wa bei umeondolewa. Watu nao wakiongezeka asilimia 2, kila mmoja kwa wastani amepata kama 3 tu.