Bomba la data si tangi

Juma lililopita nilikuwa kwenye kikao cha ushirika mmoja wa wafugaji nyuki hapa Tabora, nikasikia tena maneno ambayo mwaka huu nimeyasikia mara tano au sita. Mzee mmoja wa upande wa Sikonge aliuliza kwa nini malipo ya ndoo zake mbili za asali hayajaingia kwenye simu. Dada wa uhasibu akamjibu kwa heshima zote: "Babu, usiwe na wasiwasi, data zako zimo kwenye bomba." Mzee akashukuru, akakaa chini.

Ndoo zile zilikuwa zimepimwa siku tisa kabla. Data haikai kwenye bomba siku tisa. Ikipita hapo kwa sekunde tatu, imechelewa.

Bomba la data ni mpangilio wa programu unaochukua rekodi pale zinapozaliwa, ukazirekebisha kama kuna haja, ukazifikisha pale zinapotakiwa kukaa. Kwenye ushirika huo rekodi zinazaliwa katika simu ya karani wa mizani: jina, kijiji, kilo, tarehe, namba ya simu ya kulipwa. Zinapotakiwa kukaa ni lahajedwali la Google Sheets, daftari la mistari na safu lililoko mtandaoni, ambalo uhasibu wanalifungua mjini. Katikati ipo programu inayobisha hodi kwenye API ya lahajedwali hilo. API ni dirisha la kuhudumia programu, kama lilivyo dirisha la tiketi pale stesheni: unapeleka ombi lako kwa utaratibu uliowekwa, unapewa jibu. Maana ya bomba la data ni hiyo tu.

Kinachoniuma ni neno lenyewe, kwa sababu limewaingiza watu makosani bila mtu kukusudia.

Bomba tumelipata kwa Wareno, pamoja na meza na bendera. Kwao ni kifaa cha kuvuta na kusukuma maji, kile ambacho siku hizi tunakiita pampu. Kiswahili kimelichukua kikalitanua mpaka limejaa vitu. Bomba ni mrija unaopita ardhini. Bomba ni pale unapokinga ndoo. Kuna bomba la sindano hospitalini, kuna fundi bomba, kuna bomba la mvua bafuni. Na kwa mkulima wa huku kwetu, awe wa tumbaku au wa pamba, bomba ni kile kifaa cha kupulizia dawa kinachobebwa mgongoni. Kitazame vizuri siku moja. Nyuma kina tangi la plastiki, ubavuni kina mpini wa kupampu, kisha mpira, kisha mdomo wa kutolea dawa. Vitu vinne vimeshikana, jina moja. Mkulima akikwambia "dawa imo kwenye bomba", amesema kweli kabisa: imo tangini, anausikia uzito wake mabegani. Anaweza kulitua chini ya mwembe, akala ugali wake, akarudi akaikuta dawa yote.

Dada yetu wa uhasibu amekulia kwenye nyumba yenye bomba la namna hiyo. Mafundi walipomwambia wamemwekea bomba la data, picha iliyomjia ilikuwa na tangi. Simlaumu. Lugha ndiyo iliyompa picha hiyo.

Lakini waliolipeleka wazo hili kwenye kompyuta walikuwa wanatazama kitu kingine. Mwaka 1964, pale Bell Labs, maabara ya utafiti nchini Marekani, mtaalamu wa kompyuta Doug McIlroy aliandika waraka akitaka programu ziweze kuunganishwa kama mpira wa kumwagilia bustani: ukihitaji kipande kingine, unakikaza kwenye kile kilichopo. Mwaka 1973 mwenzake wa hapo hapo, Ken Thompson, akalitia wazo hilo ndani ya Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na mpaka leo mafundi wanaliandika kwa mstari mmoja wima kati ya programu mbili. Mpira wa bustani hauna tangi. Mabomba ya Unix nayo yanashika kiasi kidogo tu cha data kinachovuka kutoka programu hii kwenda ile, na programu zenyewe zikizimwa, kilichokuwa njiani hukioni tena.

Kwa hiyo neno moja limebeba picha mbili, moja ya kubeba na moja ya kupitisha, na kwenye data iliyo sahihi ni ya kupitisha.

Mtu wa Tabora tofauti hii anaijua tayari kwa upande wa maji. Maji ya Ziwa Victoria tunayoyatumia yanachotwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanapita Nzega ndipo yanafika kwetu. Hakuna mama wa Isevya atakayesema ana maji kwa kuwa yameshatoka Ihelele. Atasema ana maji akiyaona kwenye ndoo yake. Yakikatika, hamwulizi mtu kama yamo kwenye bomba. Anauliza yameishia wapi. Nashangaa tukifika kwenye rekodi za watu, zenye pesa za watu, tunaridhika na la Ihelele.

Turudi kwa yule mzee. Baada ya kikao niliomba tuangalie pamoja. Jioni ile ya kupima kulikuwa na mizani tatu, kila moja na karani wake na simu yake, na huko porini mtandao haukuwepo. Waliporudi barabarani mtandao ukashika, simu zote tatu zikamwaga fomu kwa mkupuo. Zilikuwa 74, fomu moja kwa kila ndoo. Bomba lilikuwa limesanidiwa kupeleka fomu moja moja, kila fomu ombi lake. Sasa API ya Google Sheets ina ukomo: maombi 60 ya kuandika kwa dakika kwa mtumiaji mmoja. Bomba zima linahesabika kama mtumiaji mmoja. Sitini zikapokewa. Kumi na nne zikarudishiwa jibu namba 429, maana yake umeleta mengi mno kwa wakati mmoja, subiri kisha ulete tena. Bomba halikuwa limeambiwa cha kufanya likipata jibu hilo. Likazidondosha, likaendelea na kazi.

Ndoo mbili za mzee zilikuwa ndani ya hizo 14. Tulizikuta kwenye simu ya karani, kilo 28 na kilo 27, pembeni zimeandikwa kwa kijani: "Imetumwa".

Neno hilo la kijani halikusema uongo. Simu ilituma kweli. Ila kutumwa na kupokewa ni mambo mawili, na wafugaji wenyewe wanalijua hili kuliko mafundi. Anayepeleka mazao kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani haondoki kwa kuambiwa gari limeshafika. Anaondoka na stakabadhi mkononi. Kwa API stakabadhi ni jibu namba 200, maana yake nimepokea. Mpaka jibu hilo lirudi, rekodi ihesabiwe kuwa bado iko kwa aliyeituma, na asiifute.

Ndiyo maana nasema kusanidi bomba ni zaidi ya kubandika anwani ya lahajedwali na ufunguo wa kuingilia. Hayo yanamalizika kwa nusu saa. Unaipa programu akaunti yake ya huduma, yaani akaunti ya Google inayotumiwa na programu badala ya mtu, unalishirikisha lahajedwali kwenye barua pepe ya akaunti hiyo kwa haki ya kuhariri kama unavyomshirikisha mtu, maana bila hivyo utajibiwa 403, huna ruhusa. Kazi yenyewe inaanza unapojiuliza: nikijibiwa hapana, rekodi itasubiri wapi? Hapo ndipo unapojenga foleni pembeni ya bomba, ya kuhifadhi zilizokataliwa mpaka zipokewe. Unalifundisha bomba kungoja kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi, kabla ya kurudia. Unafunga rekodi nyingi kwenye ombi moja. Zile 74 zingeingia zote kwa hodi moja tu.

Na nikikosa jibu kabisa, mtandao ukakatika katikati? Hapo hujui kama mstari uliandikwa au la. Ukirudia kutuma, dirisha la kuongeza mistari halikagui kama mstari huo ulishaingia. Litauandika mara ya pili, na mzee atalipwa mara mbili, kisha ushirika umdai. Kila fomu ipewe namba yake ya utambulisho tangu kwenye simu, ili bomba liangalie kwanza.

Jambo moja dogo nililiona siku ile ile. Namba za simu za kulipwa zilikuwa zimepoteza sifuri ya mbele, zimebaki tarakimu tisa. API hiyo inakutaka uchague: thamani iandikwe kama ilivyo, au isomwe kana kwamba mtu ameichapa kwa mkono. Walikuwa wamechagua ya pili, lahajedwali likaona hesabu, likaondoa sifuri. Dada alikuwa anazirudisha moja moja kila Ijumaa, miezi yote hiyo, akidhani simu za makarani ni mbovu. Tulibadilisha neno moja kwenye usanidi, kazi ile ikaisha.

Rekodi 14 tulizituma upya, tukangoja majibu yote, mzee akapigiwa simu jioni ile.

Dada yangu, wewe ndiye unayewajibu wazee dirishani, na unawajibu vizuri kuliko mimi. Naomba tu tuliache lile la "zimo kwenye bomba". Mzee akikuuliza, fungua lahajedwali, tafuta namba ya fomu yake. Ukiiona, mwambie: "Babu, imepokewa." Usipoiona, mwambie: "Babu, bado iko kwenye simu ya karani, nampigia sasa hivi."